Faida ya Intakula Isiliwe na Skrubu

Magari mengi ya turbo yaliyotengenezwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1990 yalitoka kiwandani bila intakula, yaani ile rejeta inayopoza hewa baada ya kukandamizwa na turbo na kabla ya kuingia kwenye silinda. Baadhi yake yangali kazini Afrika Mashariki, na linalofahamika zaidi pengine ni Toyota Land Cruiser 80, lililoanza kuuzwa mwaka 1990, ambalo Tanzania liliingia moja kwa moja kwenye kundi la mashangingi. Toleo lake la dizeli lenye turbo lilifungwa injini ya 1HD-T: silinda 6, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, nguvu za farasi zipatazo 165, intakula hakuna. Mwenye gari la namna hii, akiwa analipenda na hana mpango wa kuliuza, hufika siku akauliza kama inafaa kulifungia. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, kwa sharti moja ambalo gereji nyingi hulivunja siku ileile ya kazi. Faida ya intakula kwenye dizeli ya zamani ni joto inaloliondoa. Ukiiacha ibaki hivyo, injini itavuta vizuri na itadumu. Ukiigeuza yote kuwa mafuta ya ziada ili gari likimbie, utakuwa umelipa pesa nyingi kuirudisha injini kwenye hatari iliyokuwa nayo, safari hii ikiwa na mzigo mkubwa zaidi.

Ili sharti hilo lieleweke, inabidi tuangalie kinachoipata hewa. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na upande wake wa pili husukuma hewa ndani ya silinda ili mafuta mengi zaidi yaweze kuungua. Wazo hilo ni la mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyelisajili kwa hataza mwaka 1905. Lakini hewa ikikandamizwa hupata joto, na turbo nayo huongeza joto lake kwa kuwa hakuna mashine inayokandamiza hewa bila kupoteza kitu. Tuchukue hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi joto 30, na turbo inayoongeza shinikizo la bar 0.6 kwa ufanisi wa asilimia 65 hivi, ambao ni wa kawaida kwa turbo za enzi hizo. Hesabu inatupa hewa inayotoka ikiwa na nyuzi joto zinazokaribia 97. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo silinda inajaa lakini oksijeni iliyomo ni pungufu. Intakula ya wastani, inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa na turbo, itaishusha hewa hiyo hadi nyuzi 50. Kwa shinikizo lilelile, hewa ya nyuzi 50 ni nzito kuliko ya nyuzi 97 kwa asilimia 14 hivi. Hewa hupoteza shinikizo kidogo ikipenya kwenye vijia vyembamba vya intakula, kwa hiyo tupunguze asilimia 2 au 3. Bado injini inapata zaidi ya asilimia 10 ya hewa ya nyongeza bila turbo kuongezewa kazi.

Wapo wanaosema kifaa hiki ni cha nchi za baridi, kwamba kwenye jua la Pwani hakuna cha kupozea. Hoja hiyo inaonekana ya busara mpaka uitazame kwa namba zilezile. Intakula haihitaji upepo wa baridi. Inahitaji upepo ulio wa baridi kuliko hewa inayotoka kwenye turbo. Hata Dar es Salaam ikifika nyuzi 33, pengo kati yake na hewa ya turbo ni kubwa kiasi cha kutosha. Tena nchi zetu zina jambo la pili linaloifanya intakula kuwa ya lazima zaidi, nalo ni miinuko. Barabara ya kutoka Mombasa hadi Nairobi humpandisha dereva kutoka usawa wa bahari hadi mita zipatazo 1,700, na anayetoka Morogoro kwenda Iringa lazima aukwee mlima wa Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa. Juu huko hewa ni nyepesi. Turbo ya zamani hulinganisha shinikizo lake na la hewa ya nje, hivyo ili itoe bar 0.6 ileile inalazimika kukandamiza kwa uwiano mkubwa zaidi: kutoka mara 1.6 usawa wa bahari hadi zaidi ya mara 1.7 kwenye mita 1,700. Uwiano ukipanda, joto linaloongezwa hupanda nalo, kutoka nyuzi 67 hadi 76 kwa hesabu yetu. Kwa hiyo dereva anapofurahia ubaridi wa Iringa, turbo yake iko kwenye kazi ngumu kuliko ilivyokuwa Dar.

Watengenezaji wenyewe wametuachia ushahidi. Kampuni ya Volvo iliuza Marekani gari la 240 Turbo lenye nguvu za farasi 127 bila intakula. Baadaye ikawauzia wenye magari hayo vifaa kamili vya kujifungia intakula kupitia kwa mawakala wake, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ikaifunga kiwandani, nguvu zikafika 162. Buick ya V6 yenye ujazo wa lita 3.8 ilikuwa na farasi 200 mwaka 1985 bila intakula, na 235 mwaka 1986 ikiwa nayo. Porsche 911 Turbo ilitoka 260 hadi 300 mwaka 1978, ingawa hapo ushahidi umechanganyika kwa sababu injini nayo iliongezwa kutoka lita 3.0 hadi 3.3. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Toyota. Injini ya 1HD-FTE, iliyozaliwa katika ukoo uleule wa 1HD-T, iliuzwa Australia kwenye Land Cruiser 79 bila intakula ikiwa na kilowati 122 na mvuto wa nyutoni-mita 380. Kwenye Land Cruiser 100, ikiwa na intakula, ilitoa karibu kilowati 150 na nyutoni-mita 430.

Muuzaji wa vipuri akisoma namba hizo atasema: funga intakula, upate robo ya nguvu juu. Hapo ndipo anapotupoteza. Hakuna hata kiwanda kimoja kati ya hivyo kilichofunga intakula peke yake. Volvo ilirekebisha na shinikizo la turbo. Toyota iliipangia injini yake mafuta upya kupitia kompyuta, na gari lote lilisanifiwa kwa kiwango kile cha nguvu. Namba za kiwandani ni matokeo ya kifurushi kizima, na anayenunua kipande kimoja cha kifurushi hana haki ya kutarajia matokeo yote.

Tofauti ya petroli na dizeli ni muhimu hapa. Injini ya petroli hubanwa na kugonga: hewa ikiwa ya moto mno, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na kuweza kutoboa pistoni. Ukiipoza hewa, unapata nafasi ya kuongeza shinikizo, na kompyuta ya gari la kisasa huitumia nafasi hiyo yenyewe. Lile tundu lililo juu ya boneti ya Subaru Forester ya turbo, ambayo Nairobi imejaa tele, lipo kwa ajili hiyo: linapeleka upepo kwenye intakula iliyolala juu ya injini. Dizeli haigongi kwa namna hiyo. Nguvu ya dizeli inaamuliwa na kiasi cha mafuta yanayopulizwa na nozeli, na kwenye 1HD-T mafuta hayo hugawiwa na pampu ya kimakanika yenye kiwambo kinachosukumwa na shinikizo la turbo. Shinikizo likipanda, kiwambo kinashuka na mafuta yanaongezeka. Pampu hiyo haina habari ya joto la hewa wala uzito wake. Inachojua ni shinikizo tu. Ndiyo maana intakula ikifungwa na pampu ikaachwa kama ilivyokuwa, mafuta yatabaki yaleyale huku hewa ikiwa imeongezeka. Mwako unakuwa safi, moshi mweusi wa kwenye mlima unapungua, na joto la moshi unaotoka kwenye silinda hushuka kwa makumi ya nyuzi. Dereva anahisi gari limekuwa jepesi kidogo, lakini halijageuka kuwa gari jingine.

Wateja wengi huvunjika moyo hapo. Mtu ameuza ng'ombe au amechukua mkopo, amefunga kifaa kinachong'aa, halafu gari halimsukumi mgongo kwenye kiti. Fundi naye hataki kulaumiwa, anachukua bisibisi, anazungusha skrubu ya mafuta kwenye pampu, na gari linaruka. Mteja analipa na kuondoka akitabasamu. Kilichotokea kinahitaji kuelezwa kwa makini, kwa sababu udanganyifu wake ni wa kimya. Zamani, skrubu ikifunguliwa kupita kiasi, moshi mweusi ulikuwa unamwonya dereva: mafuta yamezidi hewa. Sasa hewa ni nyingi na mafuta ya ziada yanaungua vizuri, kwa hiyo onyo hilo limeondoka. Lakini ukiongeza mafuta kwa asilimia 10, umeongeza kwa asilimia 10 joto lote linalozalishwa ndani ya injini ileile, yenye silinda hedi ileile, gasketi ileile na rejeta ileile ya miaka thelathini. Sehemu kubwa ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya rejeta. Na shinikizo la mlipuko linaloikandamiza pistoni nalo limepanda, likienda moja kwa moja kwenye koni-rodi na beringi zake. Injini za mwanzo za 1HD-T zinajulikana kwa ugonjwa wa beringi za koni-rodi kulika mapema. Kuiongezea mafuta injini ambayo beringi zake hazijakaguliwa ni kuharakisha siku ya kuitoa.

Atatokea wa kuniuliza: sasa mtu afunge intakula ya nini kama haruhusiwi kupata nguvu? Sisemi skrubu isiguswe kabisa. Nafasi iliyopatikana ni ya mwenye gari, na anaweza kuitumia kwa kiasi; maoni yangu ni kwamba nusu yake inatosha, nusu nyingine ibaki kuwa kinga. Lakini nusu haipimwi kwa sikio wala kwa kuangalia moshi. Inapimwa kwa geji ya joto la moshi, ambayo kitambuzi chake hufungwa kwenye manifoldi ya ekzosi kabla ya turbo. Mafundi makini wa dizeli huchukulia nyuzi 700 hivi kuwa mwisho wa kupanda mlima mrefu bila kupunguza mguu. Ukiwa na geji, unapanda Kitonga na mzigo wako kabla ya kufunga intakula, unaandika namba. Unafunga intakula, unapanda tena kwa mzigo uleule, unaona imeshuka kiasi gani. Ukiongeza mafuta, unaongeza robo mzunguko wa skrubu kwa mara moja, na kila mara unarudi mlimani. Geji ni rahisi kuliko intakula, na kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, geji ndiyo inayostahili kununuliwa kwanza.

Suala la mahali pa kuifunga nalo lina mvutano wake. Wengine huilaza juu ya injini na kutoboa boneti. Mabomba yanakuwa mafupi na turbo inaitikia haraka, lakini gari likisimama kwenye foleni intakula inaokwa na joto la injini iliyo chini yake, na kuanzia hapo inahitaji feni ndogo ya umeme. Wengine huiweka mbele ya rejeta, ambako upepo ni mwingi. Hapo kuna gharama isiyoonekana: joto lililotolewa kwenye hewa halipotei, linatupwa usoni pa rejeta. Kwa injini ya lita 4.2 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, joto hilo ni karibu kilowati 7, kama birika tatu za umeme zinazochemka mfululizo mbele ya rejeta. Rejeta iliyoziba nusu, ambayo dereva amekuwa akiibembeleza kwa kuongeza maji kila asubuhi, haitavumilia nyongeza hiyo. Kwa hiyo rejeta inasafishwa au kubadilishwa kwanza, feni ya mbele inakaguliwa kama bado inashika ikipata moto, na thamostati inarudishwa mahali pake kama kuna fundi aliyewahi kuitoa. Kwa gari la mizigo na safari ndefu, ningechagua mbele. Kwa gari linaloshinda mjini, juu ya injini kunatosha, feni ikiwepo.

Intakula nyingi zitakazofungwa huku kwetu hazitakuwa mpya. Zitatoka kwenye magari yaliyokatwa, zinunuliwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na hilo si tatizo kwa sababu aluminiamu nzuri haizeeki haraka. Tatizo ni historia ya kilichopita ndani yake. Turbo inapokufa hutapika oili, na wakati mwingine vipande vya mapanga yake, na vyote huishia kwenye matumbo ya intakula. Ukiipeleka kwenye gari lako bila kuisafisha, kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele kinaweza kukaa humo wiki kadhaa, kisha kikang'oka na kwenda kukwaruza silinda. Dawa yake ni kazi ya mchana mmoja. Mimina mafuta ya taa ndani, ziba midomo, itikise na kuigeuza, mwaga kwenye kitambaa cheupe, na rudia mpaka kitambaa kibaki safi. Kisha ziba mdomo mmoja, unganisha hewa ya kompresa kwenye mwingine kwa shinikizo lisilozidi bar 1, na izamishe kwenye pipa la maji. Ikitoa mapovu, rudisha dukani. Mabomba nayo yanahitaji macho hayohayo. Bomba la chuma lililochomelewa huwa na kokoto za welding ndani, na mdomo wake lazima uwe na ukingo ulioinuka ili mpira usichomoke shinikizo likipanda. Mpira wa rejeta haufai kwa kazi hii. Mvuke wa oili unaulainisha, unavimba, na siku moja unapasuka katikati ya kupita lori. Tafuta mipira ya silikoni yenye nyuzi iliyotengenezwa kwa ajili ya turbo na oili.

Kuna pingamizi kubwa kuliko yote hayo: kama intakula ni nzuri hivyo, kwa nini wahandisi wa Toyota hawakuifunga mwaka 1990? Wao ni wajinga na fundi wa mtaani ndiye mwerevu? Swali ni la haki. Ila mhandisi wa kiwandani hatafuti injini bora kabisa. Anatafuta inayofikia nguvu iliyopangwa, kwa bei iliyopangwa, ndani ya boneti iliyopo. Farasi 165 zilipatikana bila intakula, basi kipande hicho kikaachwa. Mahitaji ya nguvu na sheria za moshi yalipobana, Toyota hiyohiyo ikaifunga kwenye toleo la baadaye. Kumbe kuifunga leo ni kuifuata njia waliyoipita wao, mradi tuifuate kwa utaratibu wao. Wanaoshauri kubadilisha injini nzima wana hoja pale ambapo injini imechoka. Injini inayokula oili na kuvuja kompresheni haiponywi na intakula. Na wenye Land Cruiser za 1HZ wasichukue makala haya kama ruhusa ya kuongeza turbo na intakula kwa pamoja. Ile ilitengenezwa kuvuta hewa yenyewe, kwa mkandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, na mahitaji yake ni habari nyingine.

Kwa hiyo, ukipanga kulifungia gari lako kifaa hiki, mpe fundi wako mpangilio huu kabla ya kumpa pesa: beringi na rejeta zikaguliwe, geji ya joto ifungwe na kusomwa mlimani, intakula ioshwe na kupimwa kwenye maji, na bisibisi isiiguse pampu mpaka wewe mwenyewe umeona namba. Ijulishe na kampuni ya bima kwamba injini imefanyiwa mabadiliko. Fundi akikuambia geji haina haja kwa kuwa yeye anajua kwa kusikiliza, tafuta fundi mwingine.